Waliniita Lori, Nikaenda Kujifunza Dansi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usihangaike kulitafuta. Machungu yangu yanasimulika kwa pumzi moja.

Mimi ni mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Nina miaka arobaini na tisa. Nina mtoto mmoja tu, fundi wa majokofu, ambaye baada ya wiki sita anatarajia kuoa muuguzi. Baba yake, mwalimu wa udereva, aliniacha miaka minne iliyopita akaenda kuoa mwanamke mwenye doa jeusi juu ya mdomo. Mimi humwita Kidoti, kwa kuwa jina lake halisi halipiti kooni mwangu.

Mliponiacha nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nimeshika sinia la chai, nikimsikia mwanangu akiongea na baba yake kwa simu.

"Sawa, Baba," alikuwa akisema. "Mama tusimweke kwenye dansi. Nitacheza na mama mdogo. Mama atatuaibisha mbele za watu."

Natamani niseme sinia lilianguka. Halikuanguka. Nililiweka mezani, nikamimina chai, nikamuuliza anataka sukari kiasi gani.

"Vijiko viwili, Mama."

Nikamwekea viwili. Nikakoroga. Moyoni nilishakufa.

Sasa mjue chanzo cha aibu yenyewe. Miaka ishirini na miwili nyuma, kwenye harusi ya shemeji yangu, nilikuwa nacheza. Nilikuwa na furaha mpaka nikafumba macho. Mara muziki ukazimwa. Kufumbua, namwona mume wangu ameshika kipaza sauti.

"Jamani, mpisheni!" akasema. "Lori limekatika breki!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, maana usipocheka utalia. Mwanangu alikuwa na miaka minne, amekaa mapajani kwa shangazi yake. Naye akapiga makofi.

Tangu siku hiyo nikawa Lori. Mawifi zangu wakaniita Lori. Watoto wa mawifi zangu wakaniita Mama Lori, kwa heshima kabisa, wakidhani ndilo jina langu. Nami sikucheza tena. Kwenye kila sherehe nikawa mshika mikoba. Watu wakiinuka kucheza wananirundikia mikoba mapajani, nami nakaa nayo kama nimeajiriwa.

Jumatatu kazini macho yangu yalikuwa yamevimba. Mwenzangu akaniona. Huyu ni shoga yangu wa miaka kumi na moja; kazi yetu ni kulisha mashuka kwenye rola ya kupigia pasi, yeye anashika pembe ya kushoto, mimi ya kulia. Ukifanya kazi hiyo na mtu kwa muda mrefu, huna unachoweza kumficha.

Nikamweleza. Hakunipa pole. Alikwenda kwenye rundo la makoti ya madaktari, akaendelea kukagua mifuko kabla hayajaingia mashineni, maana humo hutoka kalamu, vipimajoto, hata meno ya bandia. Akarudi na kikaratasi.

"Hiki kimetoka kwenye koti sasa hivi," akasema. "Soma."

Kiliandikwa: DANSI KWA WATU WAZIMA WANAOANZA. JUMAMOSI SAA TISA ALASIRI. GHOROFA YA PILI, JUU YA DUKA LA MAGODORO. HUJUI HATA HATUA MOJA? NI WEWE TUNAYEKUNGOJA.

"Tupa," nikamwambia. "Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka, nimekuwa ng'onda."

"Hata ng'onda hulowekwa," akajibu. "Mficha uchi hazai, shoga. Utashika mikoba ya watu mpaka lini? Mpaka kwenye harusi ya mwanao wa kumzaa?"

Nilikishika kile kikaratasi siku tano. Nilikilalia. Ijumaa kilikuwa kimelainika kama noti kuukuu.

Jumamosi nikavaa sketi. Nikajiona kwenye kioo, nikaivua. Nikavaa gauni. Nikalivua. Mwishowe nikavaa sare ya kazini, ili nikikutana na mtu niseme naenda zamu. Na kweli nilikutana naye mlangoni.

"Si leo uko mapumziko, Mama?" mwanangu akauliza.

"Wameniita. Mashuka yamejaa."

Nikamdanganya mwanangu kama msichana anayetoroka kwenda kwa bwana.

Ngazi za lile jengo ni nyembamba. Nilipanda mpaka juu, nikafika mlangoni, nikasikia watu ndani wanacheka. Basi! Miguu ikageuka yenyewe. Nikajikuta chini, ndani ya duka la magodoro.

"Karibu, mama," akasema muuzaji. "Unatafuta la futi ngapi?"

"Sita," nikasema, kwa kuwa ndiyo namba iliyonijia.

"Gumu au laini?"

"Gumu."

"Lala ujaribu. Usione haya."

Nikalala. Wallahi nililala. Mwanamke mzima na viatu vyangu mkononi, juu ya godoro nisilolitaka, nikitazama dari. Na lile dari lilikuwa linatetemeka. Huko juu watu walikuwa wanapiga hatua, wanakosea, wanaanza upya. Nilisikia mguu mmoja mzito unachelewa kila mara. Wote wakitua, ule unafuata peke yake: du!

Nikajiambia, yule mwenye mguu ule hajafukuzwa.

Nikainuka. "Nitarudi," nikamwambia muuzaji.

"Wote husema hivyo," akasema.

Nikapanda tena ngazi, na safari hii sikuwahi kufikia kitasa. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, akatokea mwanamke mnene kuliko mimi, mnene kweli, amevaa raba nyeupe na filimbi shingoni. Nilidhani ni mwanafunzi mwenzangu.

"Wewe ndiye uliyefika hapa ukashuka?" akaniuliza.

"Nilikuwa natafuta choo."

"Choo kiko chini. Huku juu kuna dansi tu. Watu hapa wananiita Kocha. Ingia, unanipoteza muda."

"Kocha, mimi siwezi. Mimi ni mzito."

Akajitazama kutoka kifuani mpaka miguuni, kisha akanitazama mimi. "Mzito kuliko nani?"

Nikaingia.

Ndani kulikuwa na watu tisa, na ukuta mmoja wote ni kioo. Kioo hicho ndicho kilichotaka kuniua. Kila nilipogeuka nilijiona: sare ya kufulia, mikono iliyobabuka kwa mvuke, tumbo. Kocha akanipa mwenzi, mzee mwembamba mwenye miwani, daktari wa meno.

"Usiogope," yule mzee akaninong'oneza. "Mimi nimezoea watu kunikunjia uso. Twende. Moja, mbili, tatu, gusa. Moja, mbili, tatu, gusa."

Mara ya kwanza nilikwenda kushoto naye akaenda kulia. Mara ya pili nikamkanyaga.

"Samahani!"

"Endelea, endelea. Ninao mwingine."

Mara ya tatu alinigeuza, nikaona kwenye kioo mgongo wangu mpana unazunguka. Basi nikasahau mguu upi ulikuwa wa kwanza. Nikajikwaa, nikashika shati lake. Shati likaja, na mwenye shati akaja. Tulitua sakafuni kwa kishindo ambacho najua muuzaji wa magodoro alikisikia.

Nilifumba macho, nikangojea. Nilikijua kitakachofuata. Nimekingojea miaka ishirini na miwili.

Hakuna aliyecheka.

Nikafumbua jicho moja. Daktari wa Meno alikuwa anapapasa miwani yake. Kocha alisimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Kuna aliyevunjika? Hakuna? Haya. Kuanguka ni somo la tatu. Nyinyi wawili mmeruka darasa."

Hapo ndipo nilipolia. Wangecheka ningevumilia, nimeshazoea. Lakini kunyamaziwa vile sikuwa nimejiandalia. Nilikaa pale sakafuni nikalia kwa kwikwi mpaka Daktari wa Meno akanipigapiga bega, akisema, "Itaisha, itaisha, tema mate," kama niko kwenye kiti chake.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia mwanamke amejifunga kitambaa mpaka kwenye paji la uso, na miwani ya jua ya kujificha. Aliinamisha kichwa. "Samahani, Kocha, nimechelewa," akasema, akavua miwani.

Kidoti.

Tukatazamana. Yeye kasimama, mimi niko chini, makamasi yananitoka. Nawauliza nyinyi mnaonisoma: katika dunia yote hii na vyumba vyake vyote?

Niliinuka nikakimbilia mlangoni. Ajabu, naye alikimbilia mlangoni! Tukafika pamoja, tukakwama wote wawili kwenye fremu, bega kwa bega. Hakuna aliyetaka kumpisha mwenzie. Kocha akapuliza filimbi. Tukachomoka, tukajikuta kwenye ngazi.

"Dada," Kidoti akasema akihema. "Nakuomba. Usimwambie."

"Dada? Nani dada yako? Umenichukulia mume, umenichukulia nafasi kwa mwanangu, na huku umenifuata? Hata kuanguka kwangu umekuja kukusanya ukamsimulie?"

"Hii ni wiki ya tatu naja hapa. Yeye anajua niko kwa fundi cherehani."

Nikajifuta makamasi kwa mkono wa sare.

"Amepanga nicheze na kijana kwenye harusi," akaendelea. "Hakuniuliza. Mimi sijui kucheza, dada. Sijui kabisa. Nikijaribu sebuleni anavuta kiti, anakaa, anacheka. Akija rafiki yake ananiambia nirudie, ili na yeye acheke." Akajifuta doa lake kwa kidole, kana kwamba lingetoka. "Ananiita Toroli."

"Anakuitaje?"

"Toroli. Anasema mke wa kwanza lori, wa pili toroli, labda wa tatu atapata gari."

Nilishika ukuta.

Kwa miaka minne nilimwomba Mungu amlize huyu mwanamke. Nilikuwa nimeipanga hata sura yangu ya siku hiyo. Sasa alikuwa analia mbele yangu, na mkono wangu, bila idhini yangu, ulikuwa mfukoni unatafuta leso.

Nikampa. Hiyo leso ilikuwa ya hospitali, imepigwa pasi na mimi mwenyewe.

"Mimi nilidhani kasoro ni yangu," nikasema.

"Na mimi," akajibu.

Kocha akatoa kichwa mlangoni. "Mkimaliza kugombea ngazi, ndani kuna nafasi mbili. Daktari anakanda mguu wake. Nyinyi mtacheza pamoja."

"Na huyu?" nikasema.

"Na yeye?" akasema Kidoti.

"Au mrudi nyumbani mkaulizwe mlikuwa wapi."

Tukaingia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamshika mkono.

"Nani ataongoza?" Kocha akauliza.

Tukatazamana. Hakuna kati yetu aliyewahi kuongoza chochote. Kwenye gari la yule bwana hata redio hatukuruhusiwa kuigusa.

"Mimi ni mkubwa," nikasema mwishowe. "Nitaongoza."

Tulikosea mara kumi na nne. Nilimkanyaga, naye alinikanyaga, na nadhani mara mbili alikusudia. Ya kumi na tano tulikwenda moja, mbili, tatu, gusa, tukarudi moja, mbili, tatu, gusa, tukageuka, na hakuna aliyeanguka. Hatua nane. Mtu mwingine atacheka. Mimi nilihisi kama nimevuka mto.

Nisije nikawadanganya, sikumsamehe. Kwenye kuagana hatukukumbatiana. Aliniambia tu, "Jumamosi ijayo?" nikajibu, "Nitaona." Lakini nilipokuwa narudi nyumbani miguu yangu ilikuwa inahesabu yenyewe njiani, nami nilikuwa nimeshakata shauri. Nitamwambia mwanangu nimemsikia. Nitamwambia nitacheza kwenye harusi yake, apende asipende, na nikianguka atanisaidia kuinuka kama nilivyomwinua mimi alipokuwa anajifunza kutembea.

Niliingia saa kumi na mbili jioni. Alikuwa jikoni, amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye jokofu letu. Sikumtazama usoni. Niliogopa nikimtazama maneno yatanikimbia.

"Nina jambo," nikasema. "Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya mlango huu. Nilisikia kila neno. Sasa sikiliza. Nitacheza kwenye harusi yako."

"Mama."

"Usinikatize! Nitacheza. Nimekwenda kujifunza. Leo nimeanguka na bado nimecheza."

"Mama, harusi haipo."

Ndipo nikamtazama. Macho yalikuwa mekundu. Kwenye kiganja chake ilikuwapo pete, ile aliyomvisha yule binti muuguzi mbele ya wazazi wake.

"Imekuwaje?"

"Ulipotoka leo mimi na Baba tulikwenda kwao kupanga shughuli. Tulikaribishwa chakula. Baba akaanza mazungumzo yake, akawasimulia kisa cha lori." Akaigeuza pete kiganjani. "Watu walicheka. Mimi nikacheka."

Nikavua viatu.

"Yeye hakucheka. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza, 'Huyo anayesimuliwa si mama yako?' Nikamwambia ni utani tu wa nyumbani. Akaniuliza, 'Na mama yako naye huwa anacheka?' Nikashindwa kumjibu. Akaniambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Akavua pete, akaiweka pembeni ya sahani yangu."

Nilikaa kwenye kigoda.

"Ulisema nitawaaibisha," nikamwambia.

"Nilisema."

"Uliamini?"

Friji lilinguruma nyuma yake, likanyamaza. "Ndiyo, Mama," akasema. "Nimekua nikisikia hivyo. Sikuwahi kujiuliza."

Laiti angejitetea! Angejitetea ningemkasirikia, ningemfukuza, ningelala usingizi. Lakini alikaa pale na pete yake mkononi, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, akilia bila sauti kama nilivyokuwa nalia mimi bafuni mabomba yakiwa wazi.

Akajivuta, akapiga magoti mbele yangu.

"Mpigie, Mama. Simu zangu hapokei. Wewe anakuheshimu. Mwambie mimi si kama Baba. Nitabadilika. Mwambie neno moja tu."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unanijua."

Simu yangu ikalia.

Tuliitazama wote wawili juu ya meza. Ilikuwa inatetemeka, inasogea kuelekea ukingoni. Lilikuwa jina la yule binti. Nikaipokea, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa."

"Basi na asikie." Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya wauguzi wanapoongea na jamaa wa mgonjwa. "Mama, mimi sikupigii kukuonea huruma. Wodini mgonjwa akiletwa, swali langu la kwanza ni moja: ilianzaje? Mwisho kila mtu anauona. Mwanzo anaujua mwenyewe. Na wewe nakuuliza hilo hilo. Ulipoolewa na baba yake, ilianzaje? Alikuwa mkali tangu mwanzo, au naye alianza na utani mdogo, akasema ni utani tu wa nyumbani?"

Mwanangu alikuwa anatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa inasema Mama, Mama, bila sauti.

"Ukiniambia ilikuwa tofauti," yule binti akaendelea, "nakuja kuivaa pete yangu sasa hivi, na dansi tutacheza wote. Nitakuamini wewe. Sitamuuliza mtu mwingine."

Wiki ya tatu ya ndoa yangu. Tulikuwa na wageni wawili. Mume wangu aliwaambia mke wake akitafuna utadhani kuna mtu anatembea juu ya kokoto. Wakacheka. Akanikonyeza, akanishika mkono chini ya meza. Nami nilijiona ninapendwa.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo," nikasema. "Nakujibu."

Mwanangu akanishika magoti kwa mikono miwili, nami nikafungua mdomo.